Mwalimu bado anaisubiri kamera mpya ya mkanda

"Huyu siyo bibi," mtoto alisema, akairudisha picha mezani.

Ana miaka sita, yuko darasa la kwanza, na shuleni walikuwa wameambiwa kila mmoja aje na picha ya mtu wa nyumbani kwao awasimulie wenzake. Yeye alimtaka bibi. Baba yake, ambaye mtaani kwao pale Lushoto kila mtu humwita Mwalimu, alifungua kabati akatoa picha ya rangi ya mwaka 1996. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kitenge kipya, kilemba kimekaa sawasawa, amesimama kando ya mti wa peasi bila kucheka kwa sababu aliambiwa asitikisike. Picha safi kabisa. Hata maua ya kitenge unaweza kuyahesabu.

Mtoto hakumtambua. Bibi aliyemjua yeye alikuwa mzee asiye na meno mawili ya mbele, aliyevaa sweta la kijani hata jua likiwaka, na aliyefariki mwaka 2022. Bibi huyo hakuwamo kabatini. Alikuwamo kwenye simu, na simu haikuwepo tena.

Siku hiyo mtoto alikwenda shule na picha ya dada yake.

Habari ya simu ni fupi. Aprili mwaka 2024, masika yamekolea, mtu aliiweka ukingoni mwa pipa la maji ya mvua na dakika mbili baadaye ilikuwa chini ya pipa. Ilikaa kwenye mchele siku tatu, kama kila familia inavyofanya. Fundi wa simu mjini akaifungua, akaisafisha, akaipasha moto, mwishowe akasema bodi imekufa. Memori kadi haikuwamo. Nakala mtandaoni haikuwepo, maana bando la nyumba ile lilikuwa la kuwasiliana, siyo la kupakia picha 4,000. Nao wenyewe walikadiria zilifika hizo: kitinda mimba akiwa na wiki moja, jino la kwanza, bibi akimwogesha kwenye beseni, bibi akimlisha uji, bibi amesinzia na mtoto naye amesinzia kifuani pake.

Mzazi unayesoma haya kwenye simu, hesabu hiyo pengine unaijua. Au bado hujaifanya.

Kwa Mwalimu uchungu ulikuja na kitu kingine juu yake, nacho ni aibu. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga picha wa vijiji vile. Mwaka 1993, akiwa mwalimu kijana, alinunua kwa mwenzake kamera ya mtumba aina ya Zenit, iliyotengenezwa Urusi enzi za Wasovieti, nzito kama jiwe la kusagia na isiyohitaji betri hata moja. Jumamosi na Jumapili alikuwa njiani: Soni, Bumbuli, Mlalo, siku nyingine mpaka Mtae kule ukingoni mwa milima. Harusi, maulidi, kipaimara, mahafali ya darasa la saba. Mkanda mmoja ulitoa picha 36, na ukijua kubana pale mwanzo unapoufunga unapata ya 37. Hiyo ya 37 haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya nyumbani.

Siku ya picha ilikuwa shughuli. Mtoto ataogeshwa, viti vitatolewa nje, shuka itatundikwa ukutani kufunika udongo, mzee atatafuta koti lake. Mteja analipa nusu. Kisha mkanda unashuka na basi kwenye kona zile za Soni hadi Mombo, unaendelea mpaka Tanga kwenye studio yenye mashine ya kusafisha picha za rangi. Wiki moja, wakati mwingine mbili, bahasha inapanda tena mlima. Kuna bwana harusi mmoja alifumba macho kwenye picha zote tatu alizolipia, akadai pesa yake. Alirudishiwa nusu, na picha akazichukua.

Picha nyeusi na nyeupe Mwalimu alizisafisha mwenyewe. Alijifunza chuoni kwa mkufunzi aliyekuwa na chumba cha giza: dawa ya kuitoa picha, kisha maji, kisha dawa ya kuigandisha. Dawa ile ya kwanza hupenda joto la nyuzi 20 hivi. Lushoto iko kwenye mita zipatazo 1,400, na Juni na Julai maji ya bomba yanauma vidole, kwa hiyo aliyachanganya na ya birika. Rafiki yake aliyekuwa Tanga mjini alifanya kinyume, alinunua barafu. Za rangi zilikuwa ngumu jikoni, maana zinataka nyuzi 38 na dakika tatu na sekunde 15, bila kupungua wala kuzidi, na kazi hiyo aliiachia mashine.

Tusidanganyane kwamba enzi hizo zilikuwa bora. Ziko familia nyingi tu Usambara ambazo hazina picha hata moja ya babu, kwa sababu nusu ya kulipa mapema haikupatikana. Simu imewapa watu hao kitu ambacho Zenit ya Mwalimu haikuwapa.

Lakini angalia kilichotokea ndani ya nyumba moja. Kifungua mimba, binti, alizaliwa mwaka 2007, baba bado anatumia mkanda. Picha zake za utoto ni 41. Zote zipo, kwenye albamu yenye jalada la mawaridi, na yeye mwenyewe anaweza kukuonyesha ni ipi alilia kabla haijapigwa. Kitinda mimba alizaliwa mwaka 2018 katikati ya neema ya picha, akapigwa 4,000. Hana hata moja.

Zenit yenyewe ilikwisha zamani. Kiswahili kina neno moja kwa ukungu unaofunika msitu wa Magamba asubuhi na ukungu unaoota juu ya mkate, na ndani ya kamera ile ukungu wa kwanza ulizaa wa pili. Ilikaa juu ya kabati miaka ya baridi na unyevu, vikaota vinyuzi vyeupe kwenye kioo cha lenzi kama utando wa buibui. Kile kipazia cha kitambaa cha ndani, kinachofunguka na kufunga mwanga, kikakakamaa. Fundi aliyekuwa akizijua alikwisha fariki.

Ndiyo maana Juni ile binti alipomwonyesha habari kwenye simu yake, Mwalimu aliisoma mara tatu. Ricoh, kampuni ya Japani inayomiliki jina la Pentax, ilikuwa imetangaza kamera mpya ya mkanda. Mpya kabisa, ya kiwandani, iitwayo Pentax 17. Mpango wake ulitangazwa mwishoni mwa mwaka 2022, na tarehe 17 Juni 2024 kamera ikazinduliwa. Ina mkono wa kuvutia mkanda kwa kidole gumba, na kila fremu inatumia nusu ya nafasi ya kawaida, hivyo mkanda wa picha 36 unatoa 72.

Kilichomgusa zaidi kilikuwa jambo dogo ndani ya habari hiyo. Kampuni ilikuwa imekaa muda mrefu bila kuunda kamera za aina hiyo, kiasi kwamba wahandisi vijana walilazimika kuwaendea wazee waliokwisha kustaafu, wafundishwe jinsi mtambo wa kuvuta mkanda unavyoundwa. Alimsomea mkewe kipande hicho kwa sauti. Mtu aliyefundisha miaka 30 lazima afurahie mahali wazee wanapoitwa tena kazini.

Kisha akaanza kuulizia wakubwa wengine. Nikon je? Kamera yao ya mwisho kubwa ya mkanda, F6, waliacha kuiuza mwaka 2020. Canon? Walitangaza mwisho wa EOS-1V mwaka 2018. Leica ya Ujerumani waliirudisha M6 yao mwaka 2022, kwa zaidi ya dola 5,000, bei ambayo Lushoto mtu anaulizia gari. Mwalimu hakuitaka hiyo. Alitaka Nikon au Canon watoe kitu kimoja cha kawaida: mwili wa chuma, lenzi moja, bila mambo mengi, kwa bei ya mtu wa kipato cha kati. Kama waliweza miaka ya 1980, alisema, kwa nini washindwe leo?

Binti alimwambia zipo za mtumba nyingi tu mtandaoni, na nyingine bei poa. Jibu la Mwalimu kila mzazi aliyewahi kununua nguo za watoto mnadani atalielewa. Mtumba ni mzuri kwa sababu huko ulikotoka bado kuna kiwanda kinashona. Shati likichanika, kesho belo lingine litafunguliwa. Kamera za mkanda za mtumba hazina kiwanda nyuma yake. Kila inayoota ukungu au kukwama imepungua moja duniani, na vipuri vyake ni vya kunyofolewa kwenye nyingine iliyokufa. Watu wanagombea akiba inayokwisha, na bei inapanda kwa vyombo vinavyozeeka. Asipotengeneza mkubwa mwenye kiwanda, mwenye vipuri na mafundi, mjukuu wa leo ataikuta kamera ya mkanda makumbusho.

Hoja nzuri. Tatizo lilikuwa bei ya hiyo iliyopo: dola 500.

"Za kwetu ni ngapi?" mama aliuliza. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo na hakuinua kichwa.

"Kama milioni moja na laki tatu."

Akaendelea kuchambua. Wiki ile ile walikuwa wamepokea karatasi ya mahitaji ya binti, aliyepangiwa kidato cha tano mkoani Iringa na alitakiwa kuripoti Julai. Godoro, tranka, shuka za rangi iliyotajwa, ndoo mbili, jembe, sare, madaftari makubwa, nauli. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, ila orodha haikufutwa. Pesa za orodha zilikuwapo, zilizotokana na kabichi na karoti za mama zilizopanda lori kwenda Dar es Salaam miezi mingi, na hazikuzidi sana hiyo milioni na laki tatu.

"Sijasema tununue sasa," Mwalimu alisema.

"Sijakusikia ukisema. Nimekuona ukihesabu."

Kimya kikapita. Kisha mama akasema jambo ambalo pengine alikuwa nalo tangu Aprili. "Mwalimu, ile simu umekaa nayo miaka sita. Ulisafisha picha ngapi?"

Hakusafisha hata moja. Steshenari za mjini zinachapa picha ukisubiri, naye hupita mbele yake kila siku ya soko. Mganga hajigangi.

"Ndiyo maana naitaka," alijibu baadaye, na sauti haikuwa ya ubishi. "Mkanda ukijaa lazima uutoe, ukausafishe. Haukuruhusu kusahau. Simu inakuambia nafasi bado ipo, nafasi bado ipo, mpaka siku inaingia majini."

"Na huo mkanda atausafisha nani?"

Hapo ndipo alipokwama, maana alikuwa amekwisha kupiga simu Tanga kimyakimya. Studio tatu. Zote zinachapa picha za kutoka kwenye simu na memori kadi. Moja ilikuwa na mashine ya mikanda, wakaiuza chuma chakavu. Mkanda ungelazimika kutafutiwa mtu Dar es Salaam au Nairobi, na mkanda wenyewe kuagizwa nje.

Wote wawili walikuwa sahihi, na ugomvi wa aina hiyo hauishi haraka ndani ya nyumba. Kampuni kubwa inaweza kuamka kesho ikatoa kamera. Haiwezi kumrudisha yule kijana wa Tanga aliyesimama kando ya mashine, wala kondakta aliyebeba bahasha bila kudai risiti. Kodak yenyewe, iliyokuwa jina la picha kwa watu wengi, iliomba kinga ya kufilisika Januari 2012. Bado inatengeneza mikanda kule Rochester, Marekani, na mwaka 2018 ilirudisha sokoni mkanda wake wa Ektachrome ambao ilikuwa imeuacha. Kwa hiyo mikanda ipo. Kilichokatika ni njia ya kati, na njia ya kati ya Usambara imekatika zaidi kuliko ya Tokyo.

Binti, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, akapendekeza Instax ya Fujifilm, ile kamera inayotema picha hapo hapo, haihitaji studio. Ni bei nafuu kuliko hiyo ya dola 500.

"Haina negativu," baba akasema. "Ikichanika hiyo moja, imekwisha."

Katika ubishi wote ule, hilo ndilo neno lililozaa kitu, kwa sababu binti aliuliza: negativu za zamani ziko wapi?

Zilikuwa uvunguni, ndani ya makopo mawili ya maziwa ya unga. Mwalimu alizikata vipande vya picha sita sita, akavifunga kwa karatasi za madaftari, na juu ya kila kifungu akaandika kwa penseli: kijiji, mwezi, mwaka. Alikuwa amewahi kuzifikiria siku aliyokwenda Unguja na walimu wenzake wakaingia Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, duka lililofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kurithiwa na mwanawe Rohit. Kuta zimejaa Zanzibar nyeusi na nyeupe, watu waliokwisha kufa na barabara ambazo hazifanani tena na zilivyo. Alirudi Lushoto akiwa na nia ya kuyapanga makopo yake. Hakuyapanga.

Binti alibandika karatasi nyeupe kwenye kioo cha dirisha, akashikiza kipande cha negativu juu yake, akakipiga picha kwa simu na kukigeuza rangi kwa programu ya bure. Uso uliokuwa kinyume ukawa mtu. Wa kwanza alikuwa mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwao, marehemu tangu mwaka 2001, amekaa na koti lake kwenye harusi ya mwanawe. Walimtumia mwanawe huyo. Hakujibu kwa maandishi. Alikuja mwenyewe jioni ile, akasimama mlangoni, akaomba aione hiyo negativu kwa mkono wake.

Wiki zilizofuata walikuja wengine. Mwalimu alipekua vifungu, binti akapiga, na mama, ambaye hakuwa na muda na mambo hayo, alianza kutambua watu waliowashinda wote wawili.

Bibi alitokea mara nne kwenye makopo. Amebeba kuni, amembeba binti mchanga mwaka 2007, yuko kwenye harusi, yuko kwenye harusi nyingine. Kitinda mimba alizitazama zote kwa adabu. Kwenye ile ya mwaka 2007 alisita kidogo, akaangalia mikono. Kisha akatikisa kichwa.

Bibi yake alitoka Dar es Salaam. Shangazi alipekua mazungumzo ya zamani ya WhatsApp, akapata picha moja aliyotumiwa na kaka yake siku ya sikukuu mwaka 2021: mzee amekaa kizingitini, mtoto mapajani, sweta la kijani. WhatsApp huibana picha inapoituma ili iwe nyepesi, na hii ilikuwa imesambazwa na kurudi mara kadhaa. Steshenari walipoichapa, uso wa bibi ulikuwa na mabaka kama unautazama kupitia kioo chenye mvua. Kwa jicho la Mwalimu ilikuwa picha mbaya, angeona aibu kumpa mteja.

"Huyu ndiye," mtoto akasema, akaondoka nayo.

Ameibandika ukutani kwa ubani wa kutafuna, usawa wa kitanda chake. Mwalimu ameona mara mbili kwamba ubani utaiharibu karatasi, na mara zote mbili hakuibandua. Lakini alichapisha nyingine ile ile, akaiweka kabatini.

Godoro lilinunuliwa. Asubuhi ya safari, wiki ya kwanza ya Julai, stendi ya Lushoto ilikuwa na baridi ile ya kutoa moshi mdomoni, na ukungu ulikuwa haujaiachia milima. Tranka limepandishwa juu ya basi. Binti alisimama na mdogo wake kando ya mlango, Mwalimu akachukua simu ya mkewe, akarudi nyuma hatua mbili, akamwambia mtoto ainue kidevu, akasubiri mtu mwenye mkokoteni apite. Akabofya mara moja, akairudisha simu.

"Piga nyingine basi," mama alisema. "Huenda amefumba macho."

"Hajafumba."

Basi lilipoondoka hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Walingoja steshenari ifunguliwe, wakachapa mbili, moja ya kabatini na moja ya kutumwa Iringa. Wino wa bluu ulikuwa unakaribia kwisha na sare ya binti imetoka na wekundu kidogo.

Zenit iko juu ya kabati bado, na Jumamosi yenye jua huanikwa dirishani. Nyuma ya kalenda ya mwaka huo, kwa penseli, Mwalimu aliandika bei ya ile kamera kwa shilingi. Dola ikipanda au ikishuka anaifuta na kuandika upya. Mama anaiona kila anapogeuza mwezi, na hajaisemea kitu.